Kusikia si Kuelewa: Historia Fupi ya Lugha ya Marubani na Waongozaji Ndege

Sisi walimu wa lugha tumezoea kulipima kosa la lugha kwa alama. Mwanafunzi akikosea upatanisho hupoteza alama moja, akikosea maana hupoteza mbili, na jioni ifikapo kila mtu hurudi kwao salama. Lakini iko kazi duniani ambamo kosa la lugha hupimwa kwa roho za watu. Kazi hiyo ni mazungumzo ya redio kati ya rubani aliye angani na mwongozaji ndege aliye mnarani. Wawili hawa aghalabu hawajuani, hawaonani, wala hawakuzaliwa katika lugha moja. Na juu ya maneno machache wanayopeana hutegemea maisha ya mamia ya abiria wasiosikia hata neno moja la mazungumzo hayo.

Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi lugha ya kazi hiyo ilivyoanza, jinsi ilivyoshindwa mara kadhaa, na jinsi ilivyorekebishwa baada ya kila msiba. Hatufanyi hivyo kwa kupenda habari za ajali. Twafanya hivyo kwa sababu katika nchi zetu hizi, ambamo Kiswahili ni lugha ya kuwakutanisha watu wenye lugha mbalimbali za mama, mara nyingi tumeridhika kwamba maadamu watu wanatumia lugha moja basi wameelewana. Historia ya angani yatuonyesha kwamba sivyo.

Neno lililozaliwa Croydon

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndege za abiria zilianza kusafiri kati ya London na Paris. Upande wa Uingereza uwanja mkubwa ulikuwa Croydon, na upande wa Ufaransa ulikuwa Le Bourget. Simu ya redio ilikuwa chombo kipya, chenye mikwaruzo mingi. Mabaharia walikuwa na ishara yao ya hatari, yaani herufi tatu za SOS, lakini hiyo ilibuniwa kwa ajili ya telegrafu, na herufi S ilikuwa ngumu kusikika vizuri katika simu.

Mwaka 1923 afisa mkuu wa redio wa Croydon, Frederick Stanley Mockford, alitakiwa atafute neno litakaloeleweka na marubani na watu wa mnarani pande zote mbili za bahari. Yeye alichagua neno "Mayday", ambalo kwa masikio ya Mwingereza ni matamshi tu, lakini kwa masikio ya Mfaransa lasikika kama ombi la "nisaidie". Mwaka 1927 mkutano wa kimataifa wa mawasiliano ya redio uliofanyika Washington ulilikubali neno hilo, na hadi leo rubani aliye hatarini hulitamka mara tatu mfululizo.

Twaomba msomaji alikumbuke neno hili, kwa maana tutakutana nalo tena mbele, mahali ambapo lilihitajiwa na halikutamkwa.

Herufi, tarakimu na saa

Mwaka 1944 mataifa yalikutana Chicago yakatia sahihi mapatano ya usafiri wa anga, na kutokana na mapatano hayo likaundwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo makao yake yako Montreal. Katika miaka iliyofuata shirika hilo lilikuta kwamba marubani wa mataifa mengi wanazungumza kila mtu kwa namna yake. Kanuni iliyowekwa haikuwa ya Kiingereza peke yake, kama wengi wadhanivyo. Kituo cha ardhini kina haki ya kutumia lugha yake ya kawaida; lakini rubani mgeni akitaka Kiingereza, sharti awepo mtu wa kumjibu kwa Kiingereza.

Kazi nyingine ilikuwa kusawazisha sauti. Herufi nyingi zikitamkwa peke yake hufanana, na katika mikwaruzo ya redio hazitofautiani. Ndipo wataalamu wa lugha, akiwamo Jean-Paul Vinay wa Chuo Kikuu cha Montréal, walipotafuta maneno ya kusimama badala ya herufi, maneno ambayo Mwingereza, Mfaransa na Mhispania wangeweza kuyatamka bila taabu. Orodha hiyo ilianza kutumika mwaka 1956. Mwenye jicho la mwalimu ataona mambo mawili ndani yake. Neno la kwanza, "Alfa", limeandikwa kwa f moja kama tuandikavyo sisi, kwa kuwa si kila taifa husoma ph kuwa f. Na neno "Juliett" limeongezwa t ya pili, ili Mfaransa asije akaiacha t ya mwisho bila kuitamka kama ilivyo desturi ya lugha yake.

Hata tarakimu hazikuachwa. Tano na tisa za Kiingereza hukaribiana kwa sauti, basi zikabadilishwa kidogo matamshi yake ili zisichanganyike. Na tusidhani kwamba hilo ni la Kiingereza tu. Tukitamka "sita" na "tisa" katika simu mbovu, maneno yenye konsonanti zilezile zilizobadilishana nafasi, tutaona kwamba lugha yetu nayo ingehitaji matengenezo kama hayo kabla ya kupanda angani.

Jambo la tatu lilikuwa saa. Sisi twajua vema taabu ya mgeni aliyeambiwa aje saa tatu, naye akaja alasiri ilhali wenyeji walimngoja asubuhi. Angani hapana saa mbili. Marubani na waongozaji wote duniani hutumia saa moja ihesabiwayo tangu usiku wa manane wa Greenwich, bila kujali jua liko wapi.

Hivyo ilionekana kwamba kazi imekwisha: lugha ipo, herufi zipo, tarakimu zipo, saa ipo. Miaka ya 1970 ikaja kuonyesha yaliyokuwa yamesalia.

Nairobi, 1974

Tuanze na tukio la hapa kwetu Afrika Mashariki, ambalo wengi hawalijui kwa sababu hakufa mtu. Tarehe 3 Septemba 1974, ndege kubwa ya abiria aina ya Boeing 747 ya shirika la British Airways ilikuwa ikikaribia kutua Nairobi. Mwongozaji aliwaruhusu marubani washuke hadi kimo cha futi 7,500. Tarakimu zilitamkwa moja moja: saba, tano, sifuri, sifuri. Marubani wakaelewa tano, sifuri, sifuri, sifuri, yaani futi 5,000, wakavitega vyombo vyao kwa kimo hicho.

Kosa hilo lingekuwa dogo kama wangekuwa Mombasa. Lakini uwanja wa Nairobi wenyewe uko zaidi ya futi 5,300 juu ya usawa wa bahari. Marubani walikuwa wakijishusha, kwa utulivu na kwa imani kwamba wametii, kuelekea kimo kilicho chini ya ardhi. Walipochomoza mawinguni wakaiona nchi mbele yao, wakaiinua ndege ikiwa imebakiwa na futi 70 hivi tu kugusa ardhi.

Tuangalie vizuri. Hapa lugha ilikuwa Kiingereza, na marubani walikuwa watu waliokizaliwa. Utaratibu wa tarakimu ulifuatwa. Hata hivyo tarakimu moja iliangukia njiani, nne zikabaki nne, na sikio likaridhika.

Zagreb, 1976

Miaka miwili baadaye, tarehe 10 Septemba 1976, ndege mbili ziligongana juu ya Zagreb, katika Yugoslavia ya wakati ule. Moja ilikuwa Trident ya British Airways iliyotoka London kwenda Istanbul. Ya pili ilikuwa DC-9 ya shirika la Inex-Adria iliyotoka Split kwenda Cologne. Watu wote 176 waliokuwamo walikufa.

Siku ile mwongozaji wa anga ya juu alikuwa peke yake kwa muda, na ndege zilikuwa nyingi. Alipotambua kwamba ndege ya Yugoslavia inapanda na kuipitia njia ya ile ya Uingereza, aliacha Kiingereza na kumwambia rubani kwa Kiserbokroatia akae katika kimo alichofikia. Kwa bahati mbaya, kimo hicho ndicho hasa kilichokuwa cha ndege ya Waingereza, futi 33,000. Marubani wa Kiingereza waliokuwa wakisikiliza redio ileile hawakuelewa neno hata moja.

Hatusemi kwamba wangeokoka kama wangeelewa, kwa kuwa zilibaki sekunde chache mno. Lakini tukio hili lafunua jambo ambalo kila mwalimu wa lugha ya pili analijua: mtu akishtuka, ulimi wake hurudi nyumbani. Lugha aliyojifunza darasani humtumikia akiwa ametulia. Hofu ikimshika, hutoka ile aliyolelewa nayo. Mwongozaji yule alihukumiwa kifungo, na baadaye akaachiliwa baada ya waongozaji wenzake kumtetea kwamba alibebeshwa kazi isiyobebeka.

Tenerife, 1977

Msiba mkubwa kuliko yote ulitokea Jumapili, tarehe 27 Machi 1977, katika kisiwa cha Tenerife kilicho chini ya Hispania. Bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja wa ndege wa Las Palmas, kisiwa cha jirani, na ndege nyingi zikaelekezwa kutua Los Rodeos, uwanja mdogo wa Tenerife ulio juu mlimani. Kati yake zilikuwamo Boeing 747 mbili, moja ya KLM ya Uholanzi na moja ya Pan American ya Marekani.

Uwanja ulijaa ndege hata njia ya pembeni ikazibika. Las Palmas ilipofunguliwa tena, ilibidi ndege kubwa zitembee juu ya njia yenyewe ya kurukia hadi mwisho wake, zigeuke, kisha ndipo ziruke. KLM ilitangulia, Pan American ikafuata nyuma, ikiagizwa ichepuke kwenye mchepuko wa tatu. Marubani wa Marekani waliuliza tena kama ni wa kwanza au wa tatu, wakajibiwa kwa kuhesabiwa moja, mbili, tatu. Lakini mchepuko huo ulikuwa na kona kali isiyofaa kwa ndege ya ukubwa ule, nao wakaupita. Wakati huo ukungu ulikuwa umeshuka, hata mnara hauzioni ndege, na ndege hazionani. Uwanja haukuwa na rada ya kuonyesha ndege zilizo ardhini.

KLM ilipofika mwisho na kugeuka, rubani msaidizi aliomba ruhusa mbili kwa pamoja: ya kuruka, na ya njia ya kufuata baada ya kuruka. Mwongozaji alimpa ile ya njia tu. Lakini katika kuitoa alilitaja neno la kuruka, akieleza wafanye nini baada ya kuruka. Rubani msaidizi akayarudia maagizo kwa haraka, kisha akaongeza kwa Kiingereza maneno ambayo kwa tafsiri yetu ni "sasa tuko katika kuruka". Mwongozaji akajibu "OK", akanyamaza karibu sekunde mbili, kisha akaongeza kwamba wangoje, atawaita.

Katika nafasi ile ya maneno ya mwisho, rubani wa Pan American, akiwa na wasiwasi, alifungua redio yake kusema kwamba wao bado wanatembea juu ya njia ya kurukia. Sauti mbili zikagongana katika mawimbi ya redio, na katika chumba cha marubani wa KLM kikasikika kilio kirefu cha chombo badala ya maneno. Walichokipata safi ni "OK" peke yake.

Ndege ya KLM ilikuwa imekwisha kuanza kukimbia. Injinia wa ndege, aliyekaa nyuma ya marubani, alisikia sehemu ya mazungumzo yaliyofuata kati ya mnara na Pan American, akauliza kwa Kiholanzi: "Kwani yule Pan American hajatoka njiani?" Rubani mkuu, Jacob Veldhuyzen van Zanten, ambaye alikuwa mkubwa wa mafunzo katika shirika lake na mtu mwenye sifa nyingi, alijibu kwa mkazo kwamba ametoka. Injinia hakuuliza tena. Baada ya sekunde kama 13 ndege zile ziligongana. Watu 583 walikufa: wote 248 wa KLM, na 335 wa Pan American. Waliookoka walikuwa 61, wote wa Pan American.

Maneno matatu chini ya darubini

Wachunguzi wa Hispania walisisitiza kwamba rubani wa KLM aliruka bila ruhusa. Wa Uholanzi wakasisitiza kwamba pande zote hazikuelewana. Sisi si mahakimu. Lakini kama walimu wa lugha twaweza kuyaweka maneno matatu chini ya darubini.

Neno la kwanza ni "tuko katika kuruka". Mwongozaji, Mhispania, aliyaelewa kuwa "tuko mahali pa kurukia, tayari, twangoja". Rubani alikusudia kwamba wameanza. Mwanaisimu Steven Cushing, katika kitabu chake kuhusu lugha na ajali za ndege kilichotoka mwaka 1994, aeleza kwamba Kiholanzi huonyesha tendo linaloendelea kwa kutumia kihusishi cha mahali pamoja na kitenzi, na kwamba rubani akasema Kiingereza kwa mtindo wa lugha yake ya mama. Msomaji wa nchi zetu hatashangaa. Je, hatusikii kila siku katika Kiswahili cha mitaani, hasa upande wa Kongo, watu wakisema "tuko nakula" kwa maana ya "tunakula"? Hapo "tuko" si mahali tena, bali ni tendo. Msikilizaji wa Unguja atasikia mahali. Msemaji wa Bukavu amekusudia tendo. Mezani hilo ni jambo la kuchekesha tu.

Neno la pili ni "OK". Kwetu laitwa "sawa" au "haya". Tulitafakari neno "sawa" kwa siku moja tu, tutakuta lina maana nyingi: nimesikia, nimekubali, endelea, basi yatosha, usinisumbue. Mwongozaji alisema "OK" kwa maana ya kwanza. Rubani akalipokea kwa maana ya pili.

Neno la tatu ni lile jibu kwa injinia. Swali lake lilikuwa la kukanusha: hajatoka? Mholanzi analo neno maalumu la kupinga swali la namna hiyo, kwa hiyo injinia alielewa kwamba ameambiwa ndege ile imetoka. Lakini hebu tulihamishie swali hilo kwetu. Kwa desturi ya wengi wetu, ukiuliza "Hajatoka?" na ukajibiwa "Ndiyo", maana yake ni kwamba kweli hajatoka. Mwingereza akisikia "ndiyo" hiyohiyo ataelewa kinyume, kwamba ametoka. Ndiyo maana katika redio ya ndege yamewekwa maneno maalumu ya kukubali na kukataa, wala "ndiyo" na "hapana" za kawaida hazitegemewi.

Baada ya Tenerife kanuni zilikazwa. Neno la kuruka halitamkwi tena na mwongozaji ila anapotoa ruhusa yenyewe ya kuruka au anapoifuta; pengine pote hutumika neno la kuondoka. Jibu la "OK" peke yake halitoshi: sharti rubani ayarudie maagizo, na mwongozaji asikilize kama yamerudiwa sawasawa. Kadhalika mashirika yalianza kuwafundisha marubani kwamba mdogo ana wajibu wa kusema mpaka asikike, na mkubwa ana wajibu wa kusikiliza.

New York, 1990

Mtu angedhani kwamba hapo somo limefungwa. Usiku wa tarehe 25 Januari 1990, ndege ya Avianca, Boeing 707 iliyotoka Bogotá na kupitia Medellín, ilikuwa ikielekea New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na ndege zilikuwa zimejaa angani zikizunguka kungoja zamu. Ndege hii ilizungushwa jumla ya saa moja na dakika 17, huku mafuta yakiisha.

Rubani msaidizi, Mkolombia, ndiye aliyezungumza na mnara kwa Kiingereza. Aliomba wapewe "kipaumbele". Katika lugha yake na katika mafunzo ya wenzake neno hilo lilikuwa zito. Kwa waongozaji wa New York halikuwa na uzito wowote wa kisheria. Kwao neno la kufungua milango yote lilikuwa ni kutangaza hatari, au lile la Croydon, "Mayday". Jaribio la kwanza la kutua lilishindikana kwa sababu ya upepo. Rubani mkuu akamwagiza msaidizi wake, kwa Kihispania, awaambie kwamba wako hatarini. Msaidizi akawaambia mnara kwamba mafuta yanakwisha, akalitaja jambo hilo mwishoni mwa sentensi, kwa sauti ya utulivu, kama mtu anayetaja habari ya ziada.

Kisha mwongozaji akawaeleza kwamba atawapeleka maili 15 kando ndipo awarudishe, akauliza kama jambo hilo linafaa kwao na kwa mafuta yao. Rubani msaidizi akajibu: nadhani ndiyo, ahsante sana. Dakika chache baadaye injini zilizimika moja baada ya moja, na ndege ikaanguka Cove Neck, katika Long Island. Kati ya watu 158 walikufa 73. Haikuwaka moto, kwa kuwa hapakuwa na mafuta ya kuwaka.

Twaliona jibu lile, "nadhani ndiyo, ahsante sana", kuwa ndilo la kuhuzunisha kuliko yote tuliyoyataja. Hakuna kosa la sarufi ndani yake. Ni jibu la kijana mwenye adabu aliye mbele ya sauti ya mkubwa. Katika jamii zetu twawasifu vijana wa namna hiyo, na twafanya vema. Adabu ni nguzo. Lakini adabu isiyompa mtu nafasi ya kusema "hapana, tunakufa" imekosa sehemu yake moja.

Kutoka India hadi kwenye mtihani

Tarehe 12 Novemba 1996 ndege ya Saudia na ndege ya Kazakhstan ziligongana karibu na Charkhi Dadri, magharibi ya Delhi, na watu 349 walikufa. Ndege ya Kazakhstan ilikuwa imeruhusiwa kushuka hadi futi 15,000 tu, ikashuka zaidi ya hapo, ambako ile ya Saudia ilikuwa katika futi 14,000. Mazungumzo na mnara yalikuwa mikononi mwa mtu wa redio, na udhaifu wa Kiingereza wa wenzake ukatajwa miongoni mwa mambo yaliyochangia.

Baada ya misiba ya namna hii, mwaka 2003 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga lilipitisha masharti ya kupima lugha ya marubani na waongozaji, nayo yakaanza kutumika mwaka 2008. Daraja ziko sita, na wa kazi za kimataifa sharti afikie angalau ya nne. Yanayopimwa ni mambo sita: matamshi, miundo, msamiati, ufasaha, kuelewa, na maingiliano. Hilo la mwisho maana yake ni uwezo wa kugundua kwamba hamjaelewana, na kulirekebisha hapohapo kwa kuuliza na kuthibitisha.

Je, lugha moja yatosha?

Wako wanaosema kwamba dawa ni moja: watu wote waseme Kiingereza, lugha nyingine zinyamaze. Hoja hiyo ilijaribiwa Kanada. Mwezi wa Juni 1976 marubani na waongozaji wengi waligoma kupinga Kifaransa kutumiwa katika redio za Québec, wakisema kuwa lugha mbili zitaleta ajali. Serikali iliunda tume, ikafanya majaribio marefu, na mwaka 1979 tume ikatoa shauri kwamba lugha mbili zaweza kutumika kwa usalama mahali penye utaratibu mzuri. Serikali ikakubali.

Ushahidi tulioutoa waelekea upande huohuo. Nairobi, lugha ilikuwa moja. New York, waongozaji walikuwa watu waliokizaliwa Kiingereza, na rubani alikizungumza. Kilichopungua hakikuwa lugha, bali mapatano juu ya maneno na desturi ya kuhakikisha. Kwa upande mwingine, Zagreb yatuonya kwamba lugha ikibadilishwa ghafla katikati ya hatari, wengine huachwa gizani. Kwa hiyo hatusemi kwamba kesho Kiswahili kipande mnarani. Twasema kwamba lugha yoyote itakayopanda huko, kubwa au ndogo, italazimika kufanyiwa kazi ileile ya herufi, tarakimu, maneno yenye maana moja, na kurudia.

Na Kiswahili chetu hakiko mbali na hatari za namna hiyo. Muuguzi humweleza mgonjwa wa kabila jingine namna ya kumeza dawa kwa Kiswahili. Dereva wa lori huelekezwa mpakani kwa Kiswahili. Bwana shamba hueleza kwa Kiswahili kiasi cha dawa ya wadudu kwa debe la maji. Kila mmoja wao huambiwa "sawa" au "ndiyo", kisha huondoka akiamini kwamba kazi imekwisha.

Mambo mawili basi twawapendekezea walimu wenzetu. La kwanza, tusiishie kupima kuandika. Tuwape wanafunzi maagizo kwa mdomo, yenye namba na saa ndani yake, kisha tumtake mwanafunzi ayarudie kwa maneno yake kabla ya kuyatenda. Na aliyeyatoa asikilize, asahihishe. Zoezi hilo halihitaji kitabu wala chaki. La pili, na hili ni gumu zaidi, tumpe mwanafunzi alama anaposema "sijaelewa, mwalimu", na zaidi anaposema "nadhani umekosea, mwalimu", maadamu amesema kwa heshima. Wazee wetu walisema kuuliza si ujinga. Injinia wa Tenerife aliuliza mara moja, akajibiwa kwa mkazo, akanyamaza. Tuwafundishe watoto wetu kuuliza mara ya pili.